Nawasali Mbichimu Nyote

Mzee Hilari wa Ugalla alikuwa na mizinga sitini na mbili porini, na hakuna nyuki aliyewahi kumshinda. Mkonongo yule alizaliwa na mrina asali, akaoa binti wa mrina asali, na masikio yake yalikuwa yameumwa mara nyingi kiasi kwamba yaliamua kubaki yamevimba, yasipate tabu ya kuvimba upya. Mtu wa namna hiyo ungedhani hana tena cha kuogopa. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomtoa jasho, nalo lilikuwa dogo kwa kulitazama: alitaka mkewe asome kitabu chake mpaka mwisho.

Ndiyo, Mzee Hilari alikuwa anaandika kitabu. Msicheke mapema, wakati wa kucheka utafika.

Alikiandika kwa miaka tisa, katika madaftari kumi na moja ya shule, akiyafungia kwenye sanduku la bati pamoja na cheti cha ubatizo na koti la harusi. Humo alieleza kila anachojua: mti gani unatoa maua lini, mzinga unafungwaje, moshi unapulizwaje, na kwa nini mtu anayechemsha asali anastahili kunyimwa mkono siku ya Pasaka. Mkewe, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Kalisti, alijua kusoma kuliko yeye. Katika darasa la elimu ya watu wazima alipata cheti mwaka mmoja kabla ya mumewe, na ndiye aliyemfundisha kwamba "ng'ombe" ana kidole juu na "ngoma" hana. Lakini tangu siku ile alikuwa anasoma kitabu cha nyimbo za kanisani tu.

"Nyuki wako nawajua," alikuwa akimwambia. "Wameniuma bure, bila kitabu."

"Soma hata ukurasa mmoja, Mama Kalisti."

"Kwa mwandiko huu? Kama nyuki waliomwagiwa maji? Lete kitu cha chapa, tutaongea. Na hicho chenyewe, siku nikikisoma mpaka mwisho, jogoo atataga."

Karatasi moja ya daftari la nne alishaifungia chumvi. Ndiyo maana sura ya nne ya kitabu inaanzia katikati ya sentensi mpaka leo.

Sasa, alichokuwa hajui Mama Kalisti ni kwamba ukurasa wa mwisho wa daftari la kumi na moja ulikuwa unamhusu yeye. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa, Mzee Hilari hakuwahi kumwita mkewe kwa jina. Kabla Kalisti hajazaliwa alimwita "wee," na Kalisti alipozaliwa ikawa Mama Kalisti, basi. Neno tamu hakuwahi kumwambia hata la kuazima. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda mno, ila kwao mwanamume akimsifu mkewe mchana kweupe, watu humletea uji wakidhani ana homa. Kwa hiyo aliliandika. Aliliweka mwisho kabisa, nyuma ya kurasa zote za moshi na miiba, na hapo ndipo alipojikamatisha mwenyewe: mama asipofika mwisho, neno lile litafia kwenye sanduku la bati. Jambo hilo lilimuuma kuliko nyuki wote.

Mwaka 1998 kompyuta ikafika parokiani Mpanda, zawadi ya marafiki wa ng'ambo. Iliwekwa chumba cha ofisi, ikafunikwa kitambaa kilichodariziwa maua, na mlangoni pakaandikwa VUA VIATU. Padre mwenyewe aliingia peku. Msimamizi wake alikuwa Deogratias, katibu wa parokia, mtu mzima mwenye kitambi na kalamu tatu mfukoni, aliyekwenda kozi ya wiki mbili Sumbawanga akarudi na mwendo mpya na maneno mapya. Zamani alikuwa akisema "nimekosea." Tangu kozi alisema "sistimu imekataa."

Mzee Hilari akapanda treni na madaftari yake yamefungwa kwenye shuka. Padre Polycarpe, Mfipa mpole anayependa asali, akatoa ruhusa kitabu kichapwe. Basi kiangazi kile chote, kila treni ilipomshusha Mpanda, mzee aliketi peku karibu na Deogratias akiangalia maneno yake yanavyoota kwenye kioo. Mara ya kwanza mistari ilipopanda juu ikapotea, aliinuka akachungulia nyuma ya mashine.

"Zimeenda wapi?"

"Zipo, mzee. Ziko juu."

Mzee Hilari akatazama darini. Hakuona kitu, akakaa, lakini tangu siku hiyo hakuiamini sana mashine ile.

Kitabu kilikuwa kimekamilika, kinangoja kupelekwa Tabora kupigwa chapa, ndipo habari za Osward zilipofika. Osward alikuwa kaka yake Mama Kalisti, mkazi wa Inyonga, muuza asali naye, ila yake alikuwa anaichemsha, na inasemekana sukari ilikuwa haikai mbali na sufuria lake. Wasafiri walileta maneno kwamba Osward anatembea sokoni akitangaza: "Shemeji yangu kaandika kitabu kizima kuisifu asali. Asali si asali? Basi kanisifu mimi!"

Mzee Hilari alishuka treni Mpanda. Aliingia ofisini na viatu.

"Deo! Kila palipoandikwa asali, andika asali mbichi. Kila mahali! Nisisikie asali tupu. Mtu akisoma ajue ni mbichi, haijaona moto, haimhusu Osward!"

Alitegemea aambiwe arudi baada ya mwezi. Deogratias akacheka kwa pua.

"Mzee, huo ulikuwa wakati wa taipu. Siku hizi unaiambia mashine, tafuta hili, weka hili. Inaitwa ripleisi oli. Badilisha zote. Ni dakika moja."

"Itaijuaje asali?"

"Inajua herufi. Ikiona a-s-a-l-i, inakamata."

"Hata ikiwa imejificha?"

"Hata ikiwa imejificha!" alisema Deogratias kwa fahari, akabonyeza.

Mashine ikakoroma kidogo, ikaandika Kiingereza. Deogratias akasoma kwamba imebadilisha mahali mia nne na sita.

"Mbona nyingi hivyo?" mzee akashangaa. "Sikumbuki kuitaja mara zote hizo."

"Umeandika habari za asali miaka tisa, unategemea nini? Kompyuta haikosei."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Nayaweka hapa makusudi, maana baadaye aliyakana.

Kitabu chote kikaingia kwenye diski moja, nyembamba, ya mraba, yenye mlango mdogo wa bati. Mzee Hilari alitakiwa aipeleke Tabora mwenyewe, na kwa kuwa Ugalla iko njiani, alishuka kwanza nyumbani kumwonyesha mkewe. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa safi kama hostia. Mama Kalisti aliiweka kiganjani, akaipima uzito, akainusa.

"Miaka tisa, ndiyo haka?"

"Madaftari yote kumi na moja yamo."

"Herufi ziko wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?" Akausogeza ule mlango mdogo kwa ukucha, akachungulia. "Ni giza tupu humu, Baba Kalisti. Umeandika giza." Akamrudishia. "Mimi nilisema chapa."

Wiki sita baadaye treni kutoka Tabora ilishusha Ugalla maboksi mawili mazito. Mzee Hilari alitaka kuyafungua palepale kwenye reli kwa meno, lakini Padre Polycarpe alikuwa ameagiza yasiguswe mpaka yabarikiwe Jumapili kigangoni. Basi yakakaa sakristia siku nne, yamefungwa kamba, na mzee akawa anayapitia asubuhi na jioni kuyasalimia. Osward naye akatuma ujumbe kutoka Inyonga kwamba anakuja, maana amesikia katajwa kwa jina kwenye sura ya sita. "Jumapili," alisema, "tutajua mbivu na mbichi."

Kweli alikuwa ametajwa. Mzee Hilari alimwandika kwa hasira zote: shemeji yangu Osward ni mmoja wa wasaliti wa asali. Alishaandaa na majibu yake iwapo watashikana mashati.

Jumapili ikafika. Kigango kilijaa mpaka dirishani, Wakonongo, Wabende, Wafipa wa kuhamia, na Wasukuma waliotoka machungani na fimbo zao. Padre Polycarpe akabariki maboksi, akakata kamba, akachukua kitabu cha juu. Kilikuwa kizuri kweli, jalada la njano, jina la Hilari herufi kubwa. Mama Kalisti aliyekaa upande wa kina mama alishika shavu. Padre akakohoa, akafungua utangulizi, akasoma kwa sauti ya mahubiri:

"Nawasali mbichimu nyote mtakaosoma kitabu hiki."

Padre alidhani ni Kikonongo, akatabasamu kwa heshima. Wakonongo walidhani ni Kibende. Wabende wakawatazama Wasukuma, na mzee mmoja Msukuma aitwaye Ngusa akatikisa kichwa kwa busara na kumnong'oneza jirani yake kwamba hicho ni Kifipa cha zamani, kizito sana, siku hizi hakisemwi. Padre akaendelea.

"Mimi nilianguka kutoka juu ya mninga, nikavunjika mkono, lakini kwa neema ya Mungu nikasali mbichimika."

"Pole sana!" mama mmoja akaitikia. Hakujua mzee kapatwa na nini, ila kwa jina lile aliona ni kitu kibaya.

Mzee Hilari alikuwa amekaa mbele na koti lake la harusi. Alisikia masikio yake yakipata moto. Padre akafungua ukurasa mwingine.

"Kabla ya kupanda mti, sisi warina wa Ugalla tunasali mbichi." Akausoma tena moyoni. Akavua miwani. "Mzee Hilari, huku kigangoni mnasali vipi?"

Katekista akaruka kutoka kitini. "Padre, sisi tunasali kama kawaida!"

"Imeandikwa mbichi."

"Tunasali zilizoiva, Padre! Zilezile za kitabuni!"

Hapo mtu mmoja nyuma alishindwa. Alianza kwa pua, ikahamia tumboni, na kabla hajajifunika mdomo benchi lake zima lilikuwa linatikisika. Wengine wakavamia boksi, kila mtu akachukua chake, wakawa wanasomeana kwa kupokezana. "Nyie sikieni hii! Asali mbichi mbivu ndiyo tamu kuliko zote!" "Hapa kuna asali mbichi mbichi!" "Asali mbichi iliyochemshwa haifai. Sasa ni mbichi au imechemshwa?" "Wasali mbichimie wageni kwa mikono miwili!" Watu ambao hawakuwa wamesoma kitu tangu Mwenge wa Uhuru upite walikuwa wamekodoa macho kwenye karatasi, wakitafuta kwa kidole.

Osward alifika sura ya sita. Alisoma polepole, akigusa kila neno: shemeji yangu Osward ni mmoja wa wasali mbichiti wa asali mbichi. Akamgeukia Ngusa. "Wasali mbichiti maana yake nini, mzee?"

"Magwiji," akajibu Ngusa bila kusita. Aliyeanza kutafsiri hawezi kuishia njiani.

Osward akatoa leso. Alivuka kanisa zima mbele za watu akamkumbatia Mzee Hilari, akasema kwamba kumbe shemeji yake ana moyo mkubwa, na yeye miaka yote hii anamsema vibaya. Majibu aliyokuwa ameyaandaa Mzee Hilari yakabaki mfukoni.

Deogratias alikuwa amejibana nyuma ya nguzo. "Sistimu," alikuwa anasema, "sistimu imekataa." Lakini mzee hakumsikiliza. Alichukua kitabu chake, akatoka nje, akakaa chini penye baiskeli za watu, akautazama ukurasa kama anavyotazama mti porini. Tunasali. Akaziba herufi tatu za mwanzo kwa kidole gumba. Asali. Akaziba mwanzo wa nawasalimu, akaziba na mwisho. Asali. Nikasalimika, asali. Wasaliti nao, waovu wale, walikuwa wamebeba asali tumboni. Miaka arobaini alikuwa anatafuta asali kwenye mapango ya miti, wala hakujua ilikuwa imejaa mdomoni mwake kila anaposali na kusalimia watu. Mashine iliiona yote. Iliambiwa kamata hata ikiwa imejificha, ikakamata.

Siku nyingine angelifurahia jambo hilo. Siku ile alilia, mtu mzima, mbele ya baiskeli. Miaka tisa, na kimekuwa kichekesho.

Kesho yake hakwenda porini. Kijiji kizima kilikuwa kinaitana "Nawasali mbichimu!" na kuitikiana "Tumesali mbichimika!" Mzee alijifungia ndani akakaa kitandani. Ndipo aliposikia kicheko kutoka uani.

Alichungulia dirishani. Mama Kalisti alikuwa amekaa kwenye mkeka na ungo wa karanga mapajani, na juu ya karanga kitabu cha njano kimefunguliwa. Alikuwa anabangua karanga moja, anasoma mstari, anacheka mpaka karanga zinamwagika. "Masali mbichia ya nta!" alisema peke yake. "Masali mbichia!" Akafunua ukurasa.

Akafunua mwingine.

Mzee Hilari alishika dirisha. Siku hiyo mama alimaliza sura tatu. Siku ya pili alifika sura ya saba na ugali uliungua. Siku ya tatu alikuwa haangalii tena kama kuna mbichi, alikuwa anasoma tu, midomo inachezacheza. Akauliza bila kuinua kichwa, "Kumbe mwaka ule ulipochelewa porini siku nane ulikuwa umekwama juu ya mti na nyati chini? Mbona uliniambia ni mvua?"

"Sikutaka uogope," mzee alisema kutoka dirishani.

"Hm," akasema mama, akaendelea.

Kurasa zilizobaki zilikuwa nyembamba kama unyoya. Mzee alikuwa ameutaka wakati huo kwa miaka tisa, na sasa umefika akatamani apande mti, hata wenye nyati. Angemwambia aache? Angesingizia mbuzi kaingia shambani? Mama akafunua ukurasa wa mwisho. Hakucheka. Karanga zikatulia.

Kuku wakasogea kuangalia.

"Baba Kalisti."

"Ee."

"Nimemaliza. Nenda kamwangalie jogoo."

Mzee hakwenda. Alitoka nje akasimama ukingoni mwa mkeka, mikono haijui pa kukaa. Mama akasoma kwa sauti, kidole chini ya maneno, kama walivyosoma zamani darasani: "Nimerina miaka arobaini, nimeonja ya kila mti. Lakini Scolastica ndiye asali mbichi yangu."

"Ni mashine," mzee akasema haraka.

"Mashine ndiyo iliyoandika Scolastica?"

"Hapana. Hiyo niliandika mimi."

"Na mbichi?"

"Mbichi ni ya mashine."

Mama Kalisti akaitazama mikono yake mwenyewe, sugu na makovu ya moto. "Miaka hamsini na minne," alisema, "mimi, mbichi." Akaanza kucheka, na kicheko kikampeleka mbali kidogo, ikabidi ajifute macho kwa ncha ya kitenge mara mbili. Mumewe akaketi kwenye mkeka. Akaanza naye kubangua karanga, maana hakujua kingine cha kufanya.

Waliketi hivyo mpaka Deogratias alipotokea, amekuja kwa treni, viatu ameshavivua tangu kwenye uzio wa ua. Aliomba radhi kwa maneno mengi. Akasema uzuri wa mambo ya siku hizi ni kwamba kitabu hakifi na makosa yake. Diski ipo, kinaweza kuchapwa upya kikiwa safi kabisa. "Naiambia mashine itoe mbichi zote. Ni dakika m..."

"Hapana!" wakasema wote wawili.

"Moja moja, Deo," mzee akasema. "Kwa mkono. Ukiangalia kila moja."

"Sawa, mzee. Moja moja, zote mia nne na sita."

"Mia nne na tano," akasema Mama Kalisti. "Ya mwisho uiache."

Deogratias akafungua kitabu, akatafuta, akasoma, akakuna kichwa. "Lakini mama, hii nayo ni kosa. Mzee hakuiandika."

"Deo, wewe ulikisoma kitabu hiki mpaka mwisho?"

Deogratias akatazama vidole vyake vya miguu.

"Mimi nimekisoma," mama akasema. "Iache."

Mzee Hilari akakohoa. Jua lilikuwa juu, mgeni amesimama uani, na majirani wawili walikuwa wanapita na kuni kichwani, wanasikia kila kitu.

"Scolastica," akaita, "mletee Deo kigoda akae."

Majirani wakasimama. Jioni ile waliletewa uji, bakuli mbili kubwa, pamoja na pole za homa.